Mikono ya Baba Baada ya Tairodi Mpya

Mimi nasikiliza gari kabla sijalifungua. Wapo mafundi wanaokimbilia spana. Mimi nasimama kwanza, mikono mfukoni, namwomba mwenye gari awashe, azime, akate usukani kushoto na kulia, na mara nyingi mpaka hapo nimeshajua. Stashahada yangu ya ufundi wa magari imetundikwa sebuleni kwangu Njombe, mahali ambapo wenzangu wametundika picha za harusi, na hakuna mtu aliyenisaidia kuipata. Ada niliilipa kwa kupakia mbao kwenye malori, msichana peke yangu katikati ya wanaume walionicheka mpaka wakachoka wenyewe. Baadaye nikaenda Gaborone. Kule wateja walikuwa wakifika karakana wanauliza, "Yule dada wa Tanzania yupo?" na wakiambiwa nimetoka, wanasubiri. Niliporudi nyumbani sikurudi na masanduku ya nguo. Nilirudi na masanduku ya spana, nikafungua gereji yangu, na leo ukiuliza Njombe mjini nani anajua magari, utaelekezwa kwangu hata na washindani wangu.

Sasa fundi wa namna hiyo anapigiwa simu na kaka yake, anaambiwa baba yao hawezi tena kuendesha gari.

"Mzee amekwisha," kaka alisema. Yeye anakaa Makambako, ana duka la vifaa vya ujenzi. "Amepishana na lori la mbao hapo karibu na njia ya Kichiwa, pikapu inaingia upande wa lori. Mtu wa parokiani kaniambia, kaona kwa macho yake. Lori ndilo lililokwepa."

"Macho ya baba nilishayapeleka hospitali. Miwani anavaa."

"Basi ni akili. Au mikono. Mimi sijui, mimi siyo fundi. Jumamosi nakuja kuchukua ufunguo, na pikapu naondoka nayo."

Sikumjibu vibaya. Kaka ni mtu wa kuogopa mambo kabla hayajatokea, na mara nyingi anaogopa kwa sababu anapenda. Lakini nilijua ufunguo ule unabeba nini. Baba alishaacha kubeba viazi vya watu. Kazi iliyobaki ya pikapu ilikuwa moja: Jumapili kumpeleka mama misioni, kwenye misa. Magoti ya mama hayamruhusu tena kutembea mwendo ule, na bodaboda aliipanda mara moja, akashuka, akasema asiulizwe tena. Ufunguo ukiondoka, mama anabaki nyumbani. Na baba, kwa ninavyomjua, asingeenda kanisani akamwacha mama amekaa jikoni peke yake. Wangebaki wote wawili, wakisikiliza kengele kwa mbali.

Kesho yake nikaenda Kichiwa, kwa wazazi. Ilikuwa ile miezi ambayo ukungu haunyanyuki mpaka watu wamemaliza chai ya pili. Nilimkuta baba amekaa ndani ya pikapu uani, amevaa koti lake kubwa, injini imezimwa, kama mtu anayekaa na mgonjwa.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mama." Ananiita mama kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. "Kaka yako amekutuma?"

"Nimekuja kulisikiliza gari."

"Gari halijasema kitu. Wanaosema ni watu."

"Basi mkate usukani, baba. Kushoto, kisha kulia, polepole." Kwetu mzazi haambiwi "wewe", tunamsemesha kwa wingi hata tukiwa tunaongea Kiswahili.

Nikatandika gunia chini, nikalala chali, nikaingia uvunguni. Chini ya pikapu ya namna ile kuna vyuma viwili vinavyotoka kwenye usukani kwenda kwenye magurudumu ya mbele, kimoja kila upande. Sisi mafundi tunaviita tairodi. Nchani kila kimoja kina kifundo cha duara kinachozunguka ndani ya kikombe chake, sawasawa na goti. Niliweka kiganja juu ya kifundo cha kulia. Baba alipokata usukani, kifundo kikagonga kiganja changu, tok, kisha gurudumu ndipo likafuata, limechelewa. Cha kushoto kilikuwa na nafuu kidogo tu. Ganda la mpira linalotunza grisi lilikuwa limechanika zamani, na mtu alikuwa amelifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, kamba juu ya kamba, kama kidonda. Nilipofungua, ndani nikakuta kipande cha ngozi ya kiatu kimeshindiliwa ili kifundo kisicheze.

"Baba! Nani amewawekea kiatu kwenye usukani?"

Sauti yake ikashuka kutoka juu. "Fundi mmoja wa Mdandu. Alisema kitanifikisha."

"Kitawafikisha wapi?"

"Hakusema."

Nilicheka nikiwa huko huko chini, na vumbi likaniingia mdomoni. Nilipotoka nikamuuliza lini. Akasema kabla sijarudi nchini. Nikamuuliza mbona hajaniambia, mimi ambaye watu wanatoka Ludewa kuniletea magari.

Baba alivua miwani akaifuta kwenye koti. "Ninyi mkiambiwa gari ni bovu, mnaliuza. Mkiambiwa mzee ni mbovu, mnamkalisha. Nikanyamazia yote mawili."

Pale pale nikampigia kaka, nikaweka sauti ya nje. "Kaka, siyo baba, ni tairodi. Jumamosi njoo. Nafunga mpya hapa hapa uani, wewe ukiangalia. Nikishamaliza, gari likiyumba baba akiendesha, ufunguo nakukabidhi mimi kwa mkono wangu."

"Umesema," kaka akajibu.

"Nimesema."

Nilipokata simu baba alikuwa ananitazama. "Mama, umeniweka rehani."

"Nimeweka rehani stashahada yangu, baba."

"Stashahada yako hainipeleki kanisani."

Jumamosi kaka alikuja kwa gari la abiria, maana alitegemea kurudi Makambako akiendesha pikapu. Alivaa viatu safi. Nilizuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, nikalegeza nati za tairi za mbele, nikapandisha gari kwa jeki, kisha nikaliegemeza juu ya magogo ya mkaratusi, kwa sababu mimi siingii chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kama ni la malaika. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni mwa jiko, moshi unapita juu ya kitambaa chake, sufi na sindano mapajani. Majira yote ya baridi anafuma sweta.

Nikapiga alama ya chokaa mahali tairodi ya zamani ilipoingia, ili mpya ikae hapo hapo. Nikachomoa kotapini, kile kipini kinachozuia nati isifunguke yenyewe, nikafungua nati. Kifundo hakikutoka. Kilikuwa kimekaa humo muda mrefu mno, kimekuwa mwenyeji.

"Kaka, lete nyundo ile kubwa. Ikandamize upande huu, usiitikise. Mimi nagonga upande wa pili."

"Gaborone nako walikuwa wanagonga hivi?"

"Gaborone walikuwa wanashika nyundo. Wewe ndiye unashika simu."

Mama akacheka. Kaka akaweka simu mfukoni, akachutama, viatu vyake vikaingia kwenye tope, akashika nyundo. Siyo kifundo kinachopigwa. Yanapigwa masikio ya mkono wa chuma uliokishika, mpaka tundu litikisike na kukiachia. Niligonga. Nikagonga tena. Ghafla kikaruka chini, paa, na kaka akaruka nacho.

Nilimpelekea mama kile kifundo kibovu mkononi, nikakitikisa kilie. Nikamwekea na kipya pembeni. Kipya hakikutikisika, kilizunguka kwa uzito, kwa heshima.

"Kumbe gari nalo lina magoti," mama akasema. Alikizungusha kipya kwa kidole, taratibu. "Na wanauza mapya madukani?"

"Wanauza, mama."

"Sisi wengine tunapakwa dawa ya kuchua tu."

Nilifunga cha kulia, nikafunga cha kushoto, kotapini mpya, grisi mpya, nikakaza mpaka spana ikaniambia basi. Nikarudisha tairi, nikashusha gari, ikabaki kunyoosha magurudumu. Jumatatu ningelipeleka pikapu Njombe kwenye mashine, lakini uani kwa baba nilitumia njia ya zamani. Nilimwomba mama uzi wa sufi. Akakata wa rangi nyekundu bila kuuliza. Nikaufunga nyuma ya gari, nikaupitisha ubavuni mpaka mbele ukagusa tairi za upande mmoja, kisha upande wa pili, nikapima kwa rula nafasi kati ya uzi na ukingo wa gurudumu, nikazungusha tairodi kidogo, nikapima tena. Kaka alishika ncha moja ya uzi na baba akashika nyingine. Hawakuwa wakisemeshana tangu asubuhi, lakini uzi uliokazwa unawalazimisha watu kutazamana.

Nikaliendesha mwenyewe kwanza, kwenye barabara ya changarawe inayopita katikati ya misonobari kwenda misioni. Nikaachia usukani, mikono hewani. Pikapu ilienda kama imewekewa reli. Nilirudi uani nikipiga honi.

"Pandeni, baba. Kaka, kaa naye mbele. Mimi niko nyuma."

Nilisimama kwenye bodi, nimeshika chuma cha juu ya kichwa cha gari, upepo wa baridi unanipiga. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza. Tulipita nyumba ya jirani. Tukafika shamba la njegere. Barabara ilikuwa imenyooka, tupu, na pikapu ikaanza kwenda kushoto. Polepole tu, kama mtu anayesinzia. Ikarudi. Ikaenda tena kushoto, safari hii gurudumu likashuka kwenye majani, likakanyaga njegere za watu, na baba akafunga breki.

Kaka hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinyoosha mkono, akazima gari, akachomoa ufunguo.

"Samahani, baba," akasema. Akashuka. Alinitazama kule juu. "Umeona mwenyewe." Akarudi nyumbani kwa miguu, ufunguo umefichwa ndani ya ngumi kama kitu cha aibu.

Nilishuka, nikalala kwenye majani yenye umande, nikakagua. Kila nati ilikuwa mahali pake. Kila kotapini. Nilitikisa magurudumu, hakuna mchezo hata wa unywele. Katika kazi yangu yote sijawahi kutamani kukuta kosa langu, ila siku ile nilitamani. Kama kazi yangu ilikuwa sawa, basi kaka alikuwa sawa.

Nikapanda, nikakaa kando ya baba. Yeye alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele, kwenye barabara ambayo hatukuwa tena juu yake.

"Mwambie kaka yako asimwambie mama yako mbele yangu," akasema.

Nilikuwa natazama bega lake la kushoto. Lilikuwa limeshuka kuliko la kulia. Gari limezimwa, usukani umejifunga wenyewe, hakuna pa kwenda, na bega la baba lilikuwa bado linafanya kazi.

"Baba, mnalivuta."

"Silivuti."

"Ngojeni." Niliingiza kiganja changu kati ya mkono wake wa kushoto na usukani. Vidole vyake vilikuwa baridi, vigumu kama mizizi. Na vilikuwa vinavuta. Vilibana mkono wangu kuelekea chini, upande wa kushoto, kwa nguvu isiyoyumba, kama mtu anayeshika kamba ya ng'ombe anayependa kuingia shamba la jirani.

Hapo nikaelewa, na nikajua nimeelewa kwa sababu mimi ndiye mimi. Fundi mwingine angeishia uvunguni. Ile tairodi yenye kiatu ilikuwa inavuta gari kulia, kwenye malori. Siku zote zile nikiwa ugenini, baba alikuwa amelishikilia lisiende. Mikono ilishajifunza kumpeleka mama kanisani na kumrudisha nyumbani kwa kupambana, bila yeye mwenyewe kujua. Siku ile na lori, nguvu zilikuwa zimemwishia kidogo tu. Sasa gari limepona, na mikono haijaambiwa.

"Gari ndilo lilikuwa linavuta, baba. Ninyi mlikuwa mnalizuia. Bado mnalizuia."

Alitazama mikono yake, mmoja, kisha wa pili. "Mbona sikuisikia?"

"Mlishaizoea."

Nilimwacha pale, nikakimbia mpaka nyumbani. Kaka alikuwa amesimama uani, mama bado mlangoni mwa jiko. Nikamwomba ufunguo.

"Uliahidi," akasema.

"Niliahidi habari za gari. Gari ni zima. Hii ni mikono, na mikono inafundishika. Nipe mpaka alasiri."

"Na akiingia kwenye lori?"

"Hatuendi barabara kubwa."

Kaka akatikisa kichwa. Ndipo mama, bila kuacha kufuma, akasema, "Ulipojifunza baiskeli ulivunja mlango wa jiko langu. Huu hapa. Nilikunyang'anya baiskeli?"

Kaka aliutazama mlango. Akanipa ufunguo.

Nilimfundisha baba kuendesha gari, mimi niliyefundishwa naye. Tulirudi kwenye ile barabara ya misonobari. Nilikaa katikati, karibu naye, kiganja changu kikiwa kati ya mkono wake wa kushoto na usukani.

"Mkiniumiza, mmevuta," nikamwambia.

Mwanzo aliniumiza. Pikapu ikaenda kushoto, nikasema "aa!", akalegeza, ikanyooka. Tukafika mwisho wa miti, tukageuza. Akaniumiza tena, kidogo. Tukarudi. Baba alikuwa anaendesha akiwa ametoa ncha ya ulimi, kama mtoto anayeandika. Alipokuwa anaingiwa na wasiwasi, watoto wa shule wakipita au ng'ombe wakivuka, vidole vilikuwa vinabana vyenyewe, naye ananiomba radhi, "Pole, mama, pole." Tuliendelea kwenda na kurudi mpaka mlinzi wa msitu akatupungia mkono akidhani tumepotea njia. Mwisho mkono wake ulikuwa umelala tu juu ya wangu. Ulikuwa umeanza kupata joto.

"Gari hili halinihitaji tena kama zamani," akasema.

"Linawahitaji mkae nalo tu, baba."

Nikatoa mkono wangu. Pikapu haikutikisika.

Alasiri kaka alipaswa kurudi Makambako. Baba alimkuta uani anafungasha mahindi mabichi aliyopewa na mama. "Panda," akamwambia. "Nakupeleka."

Kaka alinitazama. Mimi nikafungua mlango, nikaingia katikati, nikamwachia nafasi ya dirishani. Alipanda. Tulipoingia lami, alishika ule mpini wa juu ya mlango, na mguu wake ukawa unakanyaga sakafu, anatafuta breki yake mwenyewe. Baba aliona. Alikwenda mwendo wa wastani, vidole vimelegea.

Kisha lori la mbao likatokea kwenye kona, limejaa mpaka juu, taa zimewaka. Nilisikia kaka akivuta pumzi. Mimi sikutazama lori. Nilitazama mkono wa kushoto wa baba. Vidole viliinuka kidogo, kana kwamba vinataka kukumbuka kitu, kisha vikatulia. Lori lilipita na upepo wake, pikapu ikatikisika kwa huo upepo, ikaendelea na njia yake.

Baada ya muda niliona mguu wa kaka umeacha kukanyaga. Mkono wake ukashuka kutoka kwenye mpini, ukalala kwenye mfuko wa mahindi. Kabla hatujafika mizani ya malori kichwa chake kilikuwa kimeegemea kioo, mdomo wazi kidogo. Kaka, ambaye hata kwenye basi halali, halali kwa dereva asiyemjua na halali kwa anayemjua, alikuwa amelala.

Baba alimtazama mara moja, akapunguza mwendo. Tukaingia Makambako kwa mwendo wa harusi. Tulifika nyumbani kwa kaka, geti likiwa wazi, na baba akapita.

"Baba, ni hapa."

"Najua ni hapa. Mwache. Alikuwa na wiki mbaya." Akaenda mpaka kwenye mzunguko, akauzunguka bila haraka, akarudi. Aliposimamisha gari mbele ya geti ndipo kaka akaamka, akajifuta mdomo.

"Tumefika?"

"Zamani," baba akasema.

Kaka alishuka na mahindi yake. Alisimama pale mlangoni, mkono juu ya kioo kilichoshushwa, akitafuta la kusema. "Kesho asubuhi ukungu utakuwa mzito," akasema mwisho. "Mwashe taa, mkimpeleka mama."

"Tutawasha."

Alifunga mlango kwa mikono miwili, taratibu, akaingia ndani bila kugeuka. Baba aliuliza kama ninataka kuendesha kurudi, maana dereva bora kwenye familia anajulikana. Nikamwambia nimechoka, aendeshe yeye.